Bitana Alinipa Mgongo

Kwetu Majengo, Pumwani, hapa Nairobi, mtu akikupa mgongo ujue amekuchoka. Unapiga hodi kwa jirani, naye anaendelea kupepea jiko lake bila kugeuka. Huna haja ya kuambiwa neno, unarudi ulikotoka. Ndivyo nilivyofunzwa, na ndiyo maana wiki ya kwanza Bitana alipohamia chumbani kwangu nililia. Kila nilipokaa kwenye cherehani alikuja hadi hatua mbili hivi kutoka miguuni pangu, akageuka, akaketi amenipa mgongo, mkia ameukunja ubavuni. Nikasema moyoni, hata paka naye.

Miezi ilipita kabla sijaelewa kwamba lugha yake nilikuwa naisoma kwa kamusi ya watu. Paka mwenye hofu hukukabili. Hukutolea macho, maana anataka kuona utamjia kutoka wapi. Mgongo ndio upande asioweza kuulinda, na akikupa huo amekukabidhi. Bitana alikuwa ananiambia jambo zuri sana, nami nikalia kana kwamba nimetukanwa.

Nayaandika haya kwa sababu huwa naulizwa, hasa na wazazi, mbona baadhi ya watu wenye usonji, yaani autism, hushikamana na paka namna ile. Mimi ni mmoja wao. Nina miaka 36, ni fundi wa nguo, nimezaliwa Pumwani na bado niko Pumwani, na nilikuwa na miaka 31 daktari aliponiambia kwamba hivi nilivyo kuna jina lake. Siwezi kuwasemea wote. Nitasema yangu, pamoja na machache niliyosoma yaliyonionyesha kwamba siko peke yangu.

Utotoni hakuna aliyeshtuka. Katika habari za usonji, dalili inayotajwa mapema ni mtoto kutowatazama watu machoni. Sasa niambie, katika nyumba ya Kiswahili, binti asiyemtazama mkubwa machoni ana ugonjwa gani? Ana adabu. Nilisifiwa. Shangazi zangu walinitolea mfano kwa binamu zangu: mwangalieni mwenzenu anavyoinamisha kichwa. Nami nilikiinamisha kwa sababu macho ya mtu yakikutana na yangu ni kama gari limeniwashia taa kali usoni usiku, na maneno anayosema yanapotea yote.

Salamu nazo zilinificha. Wengi hudhani salamu zetu ndefu zinamshinda mwenye usonji. Mimi zilikuwa kimbilio langu. Shikamoo ina jibu moja. Habari za nyumbani ni njema, za watoto ni njema, za kazi twashukuru. Nilizijua kama nilivyozijua herufi za madrasani, hakuna kubahatisha. Shida ilianza zikiisha. Nikiwa na miaka minane nilitumwa kwa jirani kuomba sukari, nikawakuta wameketi mkekani, wakaniambia, "Karibu tule." Nikaketi. Nikala, nikaongezwa, nikala tena. Mama alipojua alinifinya pale mlangoni hadi nikapiga yowe. Kwa nini umekula kwa watu? Kwa sababu wamenikaribisha. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba kuna karibu ya kula na kuna karibu ya kujibu ahsante, nimeshiba, na kwamba zote mbili hutamkwa vilevile.

Shuleni kengele ikilia niliziba masikio. Mwalimu mmoja aliona ni dharau, nikachapwa kwa hilo zaidi ya mara moja. Nyumbani wakasema nina jini. Nilinyweshwa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini zikaoshwa kwa maji ya waridi, na sioni vibaya kulitaja, kwa kuwa waliolitafuta walikuwa wakinipenda na hawakuwa na pengine pa kukimbilia. Lakini kelele za dunia zilibaki palepale.

Aliyeniacha nilivyo alikuwa nyanya yangu, mzaa mama, na ndiye aliyekuwa na paka. Kufuga hasa hakufuga. Walikuja wenyewe, akawawekea vichwa vya samaki nyuma ya nyumba, wakala, wakaenda zao. Yeye ndiye aliyenihadithia habari ya sahaba Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya kutawadhia ili anywe. Kabsha, mkaza mwanawe, akawa anamtazama kwa mshangao. Abu Qatada akamweleza kwamba Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaowazungukia. Neno hilo nililishika tangu siku ile. Wanaowazungukia. Paka hakuandami wala hakungojei langoni akitaka umshughulikie. Anakuzungukia, anapita, anarudi. Na akianza kunguruma, nyanya alituambia anavuta uradi, yaani anamtaja Mungu, tusimkatize. Basi mimi na nyanya tungekaa saa nzima kimya tukimsikiliza paka na uradi wake, na hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo sikudaiwa kitu na mtu.

Bitana nilimpata soko la Gikomba miaka 6 iliyopita. Wakati ule nilikuwa na kibanda cha kurekebisha mitumba: kupunguza viuno, kukata pindo, kubadilisha zipu. Kazi naipenda mpaka leo. Mahali ndipo paliponimaliza. Mafundi wa jua kali wanagonga mabati ya masanduku, mikokoteni inapiga kelele za "njia, njia", wauzaji wana vipaza sauti vya betri vinavyorudia bei ileile tangu asubuhi, kila kimoja na mdundo wake. Watu wengine husema ukizoea husikii tena. Mimi sikuzoea. Kila sauti iliingia ikiwa mpya na kali kama ya kwanza, pamoja na harufu ya kitambaa cha marobota, pamoja na lebo ya shingoni inayokwaruza, vyote kwa mpigo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulianza kuzitaja hisi hizi kati ya alama za usonji mwaka 2013 tu. Ukiwa umeishi nazo miaka yote hiyo, unajiuliza walikuwa wakiuliza nini kabla ya hapo.

Ikifika saa nane mchana nilikuwa sina mtu ndani yangu. Nilikuwa naenda kusimama upande wa samaki, nyuma ya ukuta mmoja unaokinga kelele, wanapokaangia mgongo wazi, ile mifupa ya samaki iliyoondolewa minofu. Harufu ni nzito, najua, lakini ni harufu moja, na harufu moja naweza kuibeba. Hapo ndipo alipokuwa. Kipaka cha kijivu chenye mistari, sikio la kushoto limechanika, kimekonda mpaka mbavu zahesabika. Sikumwita. Wala yeye hakunijia. Nilisimama, naye akakaa juu ya kreti. Kesho yake vilevile. Nilihesabu siku 19 tulizokuwa pamoja hivyo bila kugusana, na siku ya 20 akashuka, akapitisha ubavu wake kwenye pindo la buibui langu mara moja tu, akarudi juu ya kreti. Niliporudi kibandani niligundua kwamba nilikuwa nahema vizuri.

Nilimwita Bitana. Asiyeshona huenda hajali bitana, kile kitambaa cha ndani ya nguo, kwa kuwa haionekani. Macho yote yako kwenye kitambaa cha nje. Lakini anayevaa koti havai kile cha nje. Kinachomgusa ngozi ni bitana.

Sasa nieleze kilichonivuta, kwa sababu "paka ni wazuri" si jibu.

La kwanza ni kwamba paka anasomeka. Watu hushangaa nikisema hivi, maana sifa ya paka mjini ni kwamba hana wa kumjua, msiri, tena mchawi. Mimi nasema ni mkweli kuliko kiumbe chochote nilichokaa nacho. Mkia wima, ncha imejikunja kidogo: amefurahi kuniona. Mkia unapiga sakafu: inatosha, ondoa mkono. Masikio yamelala nyuma: usiendelee. Kisha anachosema ndicho anachomaanisha, leo na kesho, mbele ya wageni na bila wageni. Dada yangu akisema "hakuna neno, we nenda tu," nalazimika kupima sauti, mabega, vyombo anavyoviweka, na hata hivyo nakosea. Bitana akisema nenda, ni nenda. Sijawahi kukosana naye kwa jambo ambalo halikusemwa.

La pili ni macho. Kuna adabu ya macho kati ya paka na paka, na inafanana na yangu: kumkodolea mtu ni kumtisha. Paka wa amani hukutupia jicho kidogo, akaliondoa. Nilisoma kwamba mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa waliwachunguza watoto nyumbani kwao na wanyama wao. Watoto wenye usonji walimwangalia paka wao zaidi ya mbwa wao, hasa kwa kumtupia jicho, na paka nao huangalia kwa mtindo huohuo, tofauti na mbwa anayependa kukazia macho. Nilipousoma utafiti huo nilisimamisha cherehani. Kumbe sikuwa mtu asiyetazama. Nilikuwa natazama kwa kutupa jicho, na nikampata wa kunijibu kwa lugha ileile. Mwaka huohuo watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba mtu akimtazama paka akafumba na kufumbua macho polepole, paka humjibu hivyohivyo, na huwa radhi zaidi kumkaribia. Mimi na Bitana tulikuwa tunafanya hivyo asubuhi nikinywa chai, nikidhani ni siri yetu wawili.

Ukitafuta chanzo utakuta kinaingia akilini. Mbwa ametoka kwa wanyama wanaoishi kundi na kuwinda kundi; mwenzake asipomtazama ana shida. Paka wa nyumbani ametokana na kimburu, paka wa porini ambaye mpaka leo yuko hapa Kenya, na kimburu huwinda peke yake. Hakuumbwa kuuliza kila dakika, uko nami? Ndiyo maana hata kulia "nyau" paka waliokomaa hawaliiani wao kwa wao ila kwa nadra. Sauti ile wametuwekea sisi binadamu, kwa kuwa wameona hatusomi mikia. Jambo hilo hunigusa sana. Yeye naye amejifunza lugha isiyo yake ili aeleweke na watu, akarudi kwake akanyamaza. Nami ndivyo nilivyoishi miaka 31.

La tatu ni uzito na mngurumo. Nikizidiwa, mwili wangu hupotea mipaka, sijui mikono imeishia wapi. Nguo nzito hunisaidia, blanketi lililokunjwa mara nne hunisaidia. Temple Grandin, profesa wa elimu ya mifugo Marekani ambaye ana usonji, alijitengenezea akiwa kijana mashine ya mbao ya kumkumbatia, kwa kuiga kifaa cha kubania ng'ombe wanapochanjwa, kwa sababu alihitaji kubanwa lakini mikono ya watu ilimzidi. Nilipolisikia hilo nilimwelewa papo hapo. Bitana ana kilo 4. Anapanda kifuani, anakanyaga kanyaga, analala, kisha anaanza uradi wake. Mngurumo wa paka hutetema kiasi cha mara 25 hadi 30 kwa sekunde. Cherehani yangu ya umeme nikiikanyaga taratibu hutia mishono 1,500 hivi kwa dakika. Gawa kwa 60: ni 25 kwa sekunde. Siku nilipopiga hesabu hiyo kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa niliirudia mara tatu nisije nikawa nimejidanganya. Sauti mbili zinazonituliza duniani, na zinakaribia kuwa sauti moja.

Aliyenifikisha kwa daktari hakuwa Bitana, alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada. Alifika miaka mitatu hasemi, anapanga vizibo vya soda kwa rangi kutoka mlangoni hadi kitandani, na kimoja kikiguswa analia mpaka anatapika. Dada alizungushwa sana. Hospitali moja ilimwambia ni mtoto wa mama kumdekeza, asubiri. Hatimaye tukampata daktari aliyekaa sakafuni na yule mtoto, akampa nafasi. Mwishoni aliuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo. Dada akageuka akanitazama mimi. Sikukasirika. Nilikuwa nimekaa pembeni napanga vile vizibo pamoja naye, na nilikuwa nimeshajua kwamba bluu zisikae karibu na kijani.

Mtoto yule alipoanza kuja kwangu Jumamosi, nilimpa sheria zilezile Bitana alizonipa mimi. Nilimwambia mpwa wangu, hata kama hajibu: usimfuate. Kaa chini. Mpe mgongo, mngoje. Akija ni wake, asipokuja ni wake pia. Nilisema pole pole, Jumamosi kwa Jumamosi, maneno hayohayo kwa mpangilio huohuo. Mama yangu alikuwa jikoni akisikia.

Si kila siku ilikuwa njema, na hili nataka lisomwe vizuri na mzazi anayefikiria kuleta paka nyumbani. Siku moja mvua ya mawe ilishuka juu ya mabati, mtoto akazidiwa, akamkumbatia Bitana kwa nguvu zake zote. Bitana alimkwaruza mkono kutoka kwenye kiwiko. Tulimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa kutazama saa, ingawa mtoto alikuwa akipiga mayowe na Bitana alikuwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha tukampeleka kliniki ya karibu. Ile dakika 15 haina mzaha. Kichaa cha mbwa huletwa na paka pia, na kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Bitana alikaa chini ya kitanda siku mbili. Nilimwomba msamaha kwa njia niijuayo: nililala sakafuni, uso ukutani, nikangoja. Mtoto naye akaja akalala hivyo.

Kwa hiyo nikiulizwa, "Dada, nimnunulie mwanangu paka?" sijibu haraka. Namjua kijana mmoja mwenye usonji, mhasibu, ambaye akisikia kucha za paka kwenye zulia anatoka nje ya nyumba. Yeye raha yake ni ratiba za treni. Kuna wanaopenda mbwa, kwa kuwa mbwa hujitangaza waziwazi. Kuna watoto ambao paka anayeruka ghafla ni tisho tu kwao. Chuo Kikuu cha Missouri huko Marekani kilifuatilia familia 11 zilizochukua paka wa makazi ya wanyama, na watoto wao wenye usonji wakaonyesha huruma zaidi, na wasiwasi wao wa kutengwa na wazazi ukapungua. Nafurahi kusoma hivyo. Lakini ni familia 11, na paka wale walichaguliwa kwanza kwa upole wao. Paka aliyeokotwa Gikomba bila kupimwa, akatupwa katika chumba chenye mtoto anayelia, hatatibu mtu. Ataumia yeye, na mtoto ataumia. Mchukue paka aliyekomaa, mtulivu, uliyemwona na watoto. Mfunge kizazi, mpe chanjo; KSPCA, shirika la kutunza wanyama kule Karen, wanaifanya kazi hiyo, na wana paka wengi wanaosubiri nyumba. Mwekee karai la maranda kutoka kwa seremala, mbali na chakula chake, na mahali pa juu ambapo mtoto hafiki. Paka ana haki ya kuondoka. Ukimnyima hiyo umempa mtoto wako mateka, si rafiki.

Tena naomba mtu asiseme kwamba tunapenda paka kwa sababu hatuwezi watu. Nimeisikia sana, na inauma. Mwaka 2012 mtaalamu wa Uingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana kati yetu na wengine kuna pande mbili: sisi hatuwasomi vizuri, na wao hawatusomi vizuri, ila lawama hubebeshwa upande mmoja. Nimeishi hivyo. Miaka yote mimi ndiye niliyetumwa kujifunza: tabasamu, mtazame, usiulize hivyo, cheka wakicheka. Hakuna aliyetumwa kwangu. Bitana ndiye wa kwanza kuvuka nusu yake ya njia akaniachia nami nivuke yangu, kwa mwendo wangu. Na nilipokwisha kuona kwamba jambo hilo linawezekana, nilianza kulitaka kwa watu. Niliacha kibanda cha Gikomba, nikahamishia cherehani nyumbani. Wateja wananiletea nguo mlangoni na maelezo yakiwa yameandikwa, na hakuna aliyenihama kwa hilo. Nikamwambia dada yangu, ukikasirika niambie, "Nimekasirika." Akajaribu. Mara ya kwanza aliposema alikuwa anatetemeka, na mimi nilimshukuru mpaka akaacha kukasirika.

Mama ndiye aliyechukua muda. Mama ni mtu wa watu. Nyumba ikiwa na mgeni mmoja anaona haina mtu. Kwake mapenzi ni kukaa karibu, kushikwa shikwa, kuulizwa umekula, mbona umenyamaza, niangalie basi mwanangu. Nimempenda siku zote nikiwa nimekimbilia chumba cha pili.

Mwaka jana binamu yangu aliolewa. Hema lilifungwa kwenye uchochoro kutoka ukuta hadi ukuta, spika zilikuwa mbili, ndefu kunishinda mimi, na wanawake wakawa wanapiga vigelegele ndani ya chumba ambako bibi harusi anapambwa. Nilikuwa nimeshona nguo 14 za harusi ile, sare za dada zake zote, na nilitaka kuziona zikivaliwa. Nilidumu saa moja na dakika 40. Kisha taa zikaanza kuwa na sauti, nikajua. Nikapita ukutani ukutani hadi chumbani kwangu, nikajifungia, nikakaa sakafuni kati ya kitanda na cherehani. Bitana alishuka kutoka kabatini, akaja hatua mbili, akageuka, akaketi.

Miaka iliyopita mama angefika hapo akigonga. Watu wanakuulizia. Watasema nini? Toka uonekane kidogo tu. Nilisikia kanga zake kwenye ukumbi, nikajikunja. Kitasa kikazunguka pole pole. Sikuinua kichwa, niliona tu miguu yake yenye hina mpya na ungo wa mchele ameushika, maana hata katikati ya harusi mama hawezi kukaa mikono mitupu. Alifunga mlango nyuma yake. Akasimama. Nilingoja maneno.

Akaketi mkekani, karibu na mlango, mbali nami. Kisha akajigeuza, kwa taabu, magoti yake si ya kukaa chini tena, mpaka mgongo wake ukanielekea. Akaanza kuchagua mchele. Nje walikuwa wameanza wimbo mwingine. Nilisikia punje zikisukumwa kwenye ungo, chembe ya mawe ikitupwa, punje tena. Bitana aligeuza sikio lake zima upande wa mama, lile lililochanika likabaki kwangu.

Sijui tulikaa muda gani. Kwa mara ya kwanza sikuhesabu.